Kufunga ni Kufungua: Maelezo Kuhusu Pikipiki Ndogo Katika Kipupwe cha Njombe

Kupiga kiki ni kitendo cha kukanyaga kwa nguvu wenzo wa chuma ulio ubavuni mwa pikipiki ili kuizungusha injini mpaka iwake yenyewe, na kwa pikipiki ndogo yenye afya, iliyo katika mji wa joto, kitendo hicho hurudiwa mara moja au mbili bila mpita njia yeyote kugeuza shingo. Idadi inayozidi 10 huanza kuvuta watazamaji, na inayozidi 20 huwapa watazamaji hao haki ya kutoa ushauri. Kuhusu 43, ambayo ndiyo idadi iliyofikiwa Jumanne ya juma hili mjini Njombe, mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa wakipita makundi kwa makundi, vitabu vya ufundi havisemi lolote, na makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo wakati maumivu ya goti bado yanasaidia kumbukumbu.

Ni lazima kwanza ieleweke kwamba baridi inayozungumziwa hapa si ya kuazima. Njombe imekaa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, karibu mita 1,900 hadi 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kipupwe, yaani majira ya baridi ya Juni hadi Agosti, joto la alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, huku wakazi wa Makete na uwanda wa Kitulo wakiamka na kukuta sakitu, ambayo ni umande ulioganda, imeyapaka meupe majani ya viazi. Hata hivyo wapo watu wengi, na baadhi yao ndio wanaopanga mambo, wanaoamini kwamba Tanzania ni nchi ya joto na kwamba majira ya baridi ni picha za kwenye kalenda za Ulaya. Anayewapinga kwa ufasaha zaidi ni kopo la oili. Juu ya kopo hilo huandikwa 20W-50 au namba nyingine ya jamii hiyo, na herufi W imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi; namba inayoitangulia hueleza tabia ya oili ikiwa baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyotiririka kwa wepesi alfajiri badala ya kukaa kama asali iliyosahaulika kabatini. Kopo hilo, kwa maneno mengine, huwekwa rafuni likiwa limekwisha kukiri kwamba kipupwe kipo, jambo ambalo ofisi kadhaa bado hazijalifikia.

Kiini cha mkasa wote ni kabureta, chombo kinachotosha kiganjani ambacho huchanganya petroli na hewa kabla ya kuziingiza kwenye injini. Petroli iliyo majimaji haifai kitu ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake, tena uliochanganywa na hewa kwa kipimo cha karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na ajabu ya kabureta ni kwamba hukikaribia kipimo hicho bila kuwa na betri, kompyuta wala akili. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia shingo nyembamba. Hewa ikibanwa shingoni huongeza mwendo, na ikiongeza mwendo shinikizo lake hupungua, kanuni inayohusishwa na mwanafizikia wa Kiitaliano Giovanni Battista Venturi (1746–1822), ambaye alifariki kabla pikipiki hazijawaziwa na kwa hiyo hawezi kulaumiwa. Chini ya shingo hiyo kuna bakuli la petroli lenye boya, linalofanya kazi ileile ya boya la tangi la choo cha kuvuta: petroli ikijaa boya hupanda na kufunga njia, ikipungua boya hushuka na kuifungua. Kwa kuwa shinikizo shingoni ni dogo kuliko lililo bakulini, petroli husukumwa juu kupitia jeti, kijitundu cha shaba chembamba mithili ya tundu la sindano, na kutawanyika katika upepo kama marashi. Mtu anayekitafakari chombo hiki usiku, akiwa na chai na blanketi, hawezi kujizuia kukistahi.

Tatizo ni asubuhi. Petroli baridi haipendi kugeuka mvuke. Hung'ang'ania kuta za njia ya kuingilia kama matone, hivyo injini hupewa petroli ya kutosha kwa ujazo lakini mvuke kiduchu usioweza kushika moto. Dawa yake ni choki, ambayo ni kibati kidogo kinachoziba sehemu ya njia ya hewa ili mvuto wote wa pistoni uelekee kwenye petroli, itoke nyingi kiasi kwamba hata sehemu ndogo itakayokuwa mvuke itoshe kuwasha. Kibati hicho huendeshwa na kiwiko kando ya kabureta, chenye mshale uliochongwa ambao, katika pikipiki iliyopita mikononi mwa wamiliki watatu, huwa umefutika kitambo.

Hapa ndipo sarufi inapoingia, na ndipo mmiliki wa pikipiki, ambaye ni mwalimu, alipoangamia. Mwezi Mei fundi alimpa agizo la maneno matatu yaliyo wazi kabisa: "Baridi ikianza, funga." Kwa fundi, choki ni kibati, na kukifunga ni kuiziba hewa, yaani kuiweka choki kazini. Kwa mmiliki, choki ni huduma, na huduma ikifungwa imesitishwa, kama duka au bomba la maji. Wote wawili walisema Kiswahili sanifu, na hakuna kamusi ambayo ingemtia mmoja wao hatiani.

Utekelezaji wa agizo hilo ulianza saa 12:30 asubuhi. Mmiliki, ambaye makala haya yanamfahamu kwa ukaribu usiofurahisha, aliifunga choki kwa maana yake yeye, akapiga kiki 18 katika injini iliyokuwa ikipewa karibu hewa tupu. Angekuwa peke yake, yangeishia hapo kati yake na Mungu. Lakini njia hiyo ndiyo waipitayo wanafunzi, na mwanafunzi aliyelelewa vyema hampiti mwalimu bila kumwamkia, hata pale mwalimu anapoonekana dhahiri kuwa anapigana na chombo. Kila "Shikamoo, mwalimu" hudai "Marahaba" yake papo hapo, na hakuna kanuni ya adabu inayoruhusu marahaba kuwekwa akiba mpaka injini iwake. Kwa hesabu iliyofanywa baadaye zilitolewa marahaba 31 kwa kiki 43, na kwa kuwa kiki huidai pumzi katika sekunde ileile inayodaiwa na salamu, marahaba za mwanzo zilikuwa na silabi zote nne, za katikati zilibakiwa na mbili, na za mwisho zilikuwa hewa yenye nia njema.

Kisha alifika bibi mmoja aliyejitwika ndoo ya viazi, na kwa kuwa sasa mdogo alikuwa mmiliki, ilimpasa yeye aanze kwa "Kamwene, bibi", kama wanavyosalimiana Wabena, mguu mmoja ukiwa bado hewani. Bibi alitua ndoo, ishara kwamba hakuwa na haraka.

"Pole, baba. Amekufa?"

"Hapana, bibi. Ni baridi tu."

"Basi mfunike."

Kwa jibu hilo pikipiki ilihamishwa kutoka ngeli ya vitu hadi ngeli ya viumbe wenye uhai, nao wanafunzi waliiangalia kwa huruma ambayo hawakuwa wameielekeza kwa mwenye nayo. Kiufundi bibi alikuwa sahihi, maana injini iliyolazwa chini ya blanketi kuukuu huamka ikiwa na baridi pungufu kuliko iliyolala wazi, sawa na kitambaa kilichochovywa maji moto na kuzungushiwa bakuli la kabureta. Lakini ushauri sahihi unaotolewa baada ya kiki ya 18 una ladha ya rambirambi.

Kwa hasira, na si kwa maarifa, mmiliki alikigeuza kiwiko upande wa pili na kuongeza kiki 25. Kwa bahati mbaya choki iliyokaa kazini muda mrefu huleta ugonjwa wa pili ulio kinyume cha ule wa kwanza, na Njombe huuzidisha, kwa kuwa kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita hadi moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, hivyo jeti ileile humwaga petroli iliyozidi hewa iliyopo. Plagi, yaani kifaa kinachotoa cheche, ina mwanya wa milimita 0.7 hivi kati ya ncha zake. Mwanya huo ukilowa petroli, cheche hukosa nguvu au hukosekana kabisa, na injini iliyokuwa na njaa huwa sasa imezama. Ndipo mvulana wa darasa la tano, ambaye mjomba wake anaegesha bodaboda kijiweni, alipovunja ukimya.

"Mwalimu, kufunga ni kufungua. Na sasa hivi ufungue kweli."

Sentensi hiyo, ambayo ingemnyima mtahiniwa alama zote katika karatasi ya Kiswahili, ndiyo pekee iliyokuwa sahihi asubuhi hiyo: choki iondolewe, mafuta yavutwe mpaka mwisho ili hewa nyingi iikaushe plagi, na pikipiki isukumwe. Kusukuma kunafaa kwa sababu gurudumu la nyuma limefungamana na injini kupitia cheni na gia, kwa hiyo mpandaji akiingiza gia ya pili, akashika klachi mpaka mwendo upatikane, kisha akaiachia ghafla, barabara yenyewe ndiyo humpigia kiki. Wanafunzi saba walisukuma kwa furaha isiyolingana na msiba. Injini ililipuka mlio mmoja, ikakohoa moshi mweusi na kuwaka, na mmiliki, akiogopa kwamba ikipunguziwa mafuta itazima, aliondoka bila kushukuru na bila begi lake.

Kilomita moja mbele, katika ukungu wa darajani, ilizima tena, na safari hii sababu ilikuwa nzuri mno kiasi kwamba ni huzuni kuishuhudia bila kipimajoto. Petroli inapovukiza hunyonya joto kutoka kabureta, kama spiriti inavyoipoza ngozi kabla ya sindano, na hewa inayopita shingoni huweza kupoa kwa nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya ukungu na nyuzi 6 au 7, unyevu ulio hewani huganda pale pale na kuijenga barafu ndani ya koo la injini ambayo nje yake ina moto wa kuchoma kidole. Ukisubiri robo saa, joto la injini huiyeyusha barafu hiyo, na ushahidi wote hudondoka barabarani kama tone. Marubani wa ndege ndogo za pistoni hupewa wenzo wa kuingiza hewa moto kwa ajili ya maradhi haya haya. Mwendesha pikipiki hupewa pole, na fundi aliyeifungua kabureta mchana alitoza shilingi 5,000 kwa maelezo kwamba haina kitu.

Katika robo saa hiyo ya kusubiri, wale wanafunzi saba walimfikia darajani, mmoja akiwa amebeba begi, na kwa kuwa walikwisha kumwamkia, hawakuwa na la kusema. Walipita kimya.

Mikasa mingine ya msimu inaweza kutajwa kwa ufupi unaostahili. Kwa nyuzi 5 na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi huhisi baridi iliyo chini kidogo ya kuganda kwa maji, na ndiyo maana madereva wa bodaboda huvaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni. Mmiliki aliyewaiga alifika kazini, akashindwa kuifikia zipu, akakaa kikao kizima kama mtu aliyegeuzwa kichwa. Tangi lililoachwa likiwa nusu usiku kucha lilitengeneza matone ya maji, ambayo kwa kuwa ni mazito kuliko petroli yalitangulia kwenye kabureta. Glavu iliyoanikwa juu ya bomba la moshi ilikauka, kisha ikaendelea.

Lakini lipo jambo ambalo kichekesho hakilimalizi. Katika ofisi moja isiyohitaji kutajwa, daftari la mahudhurio hupigwa mstari mwekundu saa 1:30 asubuhi, Januari kama Julai, na aliyefika saa 1:52 akiwa na vidole visivyoweza kushika kalamu aliulizwa kama wenzake wanaishi Ulaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka, hivyo haiwezi kudaiwa kwamba taarifa haikufika. Pikipiki inayouzwa Njombe huletwa na jeti ileile ya pwani, na mnunuzi haambiwi kwamba jeti ndogo zaidi ipo na huwekwa kwa dakika chache. Dereva wa bodaboda anayekaa kijiweni tangu saa 11 alfajiri, mikono imepasuka, huambiwa na abiria kwamba bei yake ni kubwa kwa safari fupi namna hiyo, na abiria huyo hukaa nyuma ya mgongo wake ili apate kinga ya upepo. Kinga hiyo haijawahi kuingizwa kwenye nauli.

Jumatano choki ilifungwa kwa maana ya fundi, na pikipiki, iliyokuwa imelala chini ya blanketi, iliwaka kwa kiki ya tatu. Wanafunzi saba, ambao ilidhihirika kuwa walitoka nyumbani mapema kuliko kawaida, walikuwa wamekwisha kujipanga nyuma yake mikono ikiwa imenyooshwa, naye mwenye mjomba kijiweni aliitazama injini inavyonguruma, akaushusha mkono wake taratibu, akasema, "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.