Ikiwasha Ndiyo Inafanya Kazi

Nyumba tuliyopanga, dawa isiyowasha si dawa. Ukipaka kitu ukabaki umetulia, majirani wanakuonea huruma: pole, umeuziwa mafuta. Ndiyo maana tyubu yangu ya asidi ya salisiliki imegeuka mali ya umma.

Niliinunua kwa ajili ya chunjua kidoleni. Jioni naloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu, nasugua kwa jiwe la kusugulia miguu ile ngozi iliyokufa, nazungushia mafuta ya mgando ili ngozi nzima isiguswe, ndipo naweka dawa kidogo juu ya chunjua peke yake. Kazi ya wiki kwa wiki, huenda hata miezi mitatu. Hayo hakuna anayeniuliza. Wanaomba tyubu tu.

Alianza shemeji. Akaipaka uso mzima kwa sababu ya chunusi, akalala nayo. Asubuhi kaja kwenye chai mashavu yanambanduka, kila akicheka anashika uso.

“Shemeji, si salisiliki ileile? Hata sabuni yangu ya uso imeandikwa.”

Imeandikwa, ndiyo: asilimia 2. Yangu ni 17. Kwa hesabu hiyo na bahari ni maji yaleyale, anywe. Wala hakujali, alidai huo ni uchafu unatoka. Uchafu gani? Asidi hii inalegeza kile kinachoshikanisha seli zilizokufa juu ya ngozi, zinabanduka. Haichagui hii chunjua, hili shavu. Na ngozi yetu nyeusi ikiungua huacha doa linalokaa miezi, halafu doa nalo linatafutiwa mkorogo.

Akafuata jirani wa chumba cha pili, mwenye mashilingi kiunoni. Kwa fangasi wa namna hiyo kuna mafuta ya Whitfield, dawa ya tangu enzi za mababu: salisiliki asilimia 3, asidi ya benzoiki 6. Yanataka subira, unaendelea kupaka hata mashilingi yakianza kufifia. Subira yeye hana. Na mwanawe ana mapunye, akataka kumpaka huyo pia. Nikamwambia mapunye fangasi wake yumo ndani ya unywele wenyewe, krimu haimfikii, mtoto apelekwe kituo cha afya akapewe vidonge.

“Baba, wewe udaktari umesomea lini?”

Swali hilo naulizwa mimi tu. Muuza vocha wa pale kona, aliyemshauri amsugue mtoto kichwa kwa gunzi mpaka damu itoke ndipo apake, hakuulizwa cheti. Yaani asidi juu ya kidonda, kwenye kichwa cha mtoto! Hii ni ndugu yake aspirini. Ikipakwa eneo kubwa au penye vidonda inaingia kwenye damu, na mwili mdogo unalemewa upesi: masikio kuvuma, kutapika, kuhema mbiombio.

Nilidhani nimemaliza, kumbe mama mkwe yuko chumbani na miguu yake. Ana kisukari cha miaka mingi na sugu kwenye kisigino. Mtu kama huyo hatakiwi kabisa kujipaka dawa hii mwenyewe, kwa kuwa nyayo zinaweza kuwa zimekufa ganzi na kidonda kikianza hakiponi kirahisi. Sugu yake ni ya kuonwa kliniki. Nilimkuta ameshajipaka mpaka katikati ya vidole, anapunga mguu ukauke, na sura ya mteja aliyepunjwa.

“Baba, hii mbona haiwashi kabisa? Niongezee.”

Nikaleta beseni, nikamwosha miguu kwa maji na sabuni huku analalamika kwamba dawa inapotea bure. Tyubu sasa iko kabatini na ufunguo ninao mimi. Nyumba nzima nasemwa nina choyo, na shemeji ameanza kuulizia duka lenye ile ya asilimia 40.