Vyuma vya Shemeji na Mteremko wa Uvira

Kuna magonjwa ambayo mtu wa Uvira hana ruhusa ya kuugua, na gofu ni mojawapo. Mji wetu umebanwa: milima ya Mitumba mgongoni, ziwa Tanganyika kifuani, na sisi katikati kwenye utepe wa ardhi ambao wenyewe hautulii. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu. Kisha ziwa nalo likapanda, 2021 na tena 2024, likaingia kwenye vibaraza vya watu bila kupiga hodi. Katika mji ambao watu wanatafuta mahali pakavu pa kulaza watoto, shemeji yangu anatafuta mahali pa kupigia kampira keupe.

Vyuma vya gofu alivipata Bujumbura, ambako uwanja wa gofu upo. Mzungu mmoja alimaliza mkataba akamwachia mfuko mzima. Wengine wakiachiwa vitu na Wazungu wanaachiwa friji. Yeye kaachiwa fimbo, akazipitisha mpakani, na kwenye kizuizi kimoja ambacho sitakitaja wakamuuliza: «Hii iko silaha?» Akajibu kwamba ni za mchezo. «Basi tuonyeshe mpira.» Alipouonyesha, mdogo kuliko yai la bata, wakamcheka hadi wakasahau kumwomba pesa. Nakiri gofu ina faida hiyo moja.

Taabu ilianza alipogundua kwamba mipira yake yote inakwenda kushoto. Mtu mwingine angejilaumu. Lakini duniani kuna watu ambao hawajawahi kukosea, ni vyuma vyao tu vinavyokosea, na mmoja wao amezaliwa tumbo moja na mke wangu. Akaja kwangu jioni, akala mikeke yangu, samaki wa ziwa letu, kisha akatangaza: «Shemeji, tatizo ni pembe ya mlalo.»

Nieleze, maana mimi nilielezwa mpaka taa ikaisha mafuta. Ukikiweka chuma chini na soli yake ikalala bapa juu ya udongo, mpini unaegemea upande wako. Pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi ndiyo hiyo. Kwa chuma namba saba huwa kama digrii 62 au 63. Vyuma vifupi husimama zaidi, virefu hulala zaidi, tofauti ya karibu nusu digrii toka namba moja hadi inayofuata. Sasa, uso wa chuma umelazwa nyuma ili uuinue mpira. Ncha ya chuma, ule upande ulio mbali na mpini, ikibaki juu wakati wa kupiga, ule ulalo hautazami tena mbele, unatazama kushoto, na mpira unautii uso. Ncha ikizama, mpira unakwenda kulia. Hayo ni kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kadiri uso ulivyolala zaidi ndivyo kosa linavyokua, kwa hiyo chuma namba tisa kinaumia kuliko namba tatu, na ile fimbo kubwa ya kuanzia karibu haijali kabisa.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza huku akimenya mihogo. Akasema: «Hata jembe likikaa vibaya mu mpini, linakata upande moja tu.» Somo la jioni nzima akalimaliza kwa pumzi moja. «Ni vile vile, mama,» shemeji akajibu, «lakini hapa tunapima kwa digrii.»

Na kweli wanapima. Kwenye kila chuma cha yule Mzungu kuna nukta ya kijani. Nilidhani ni rangi ya timu. Kumbe kampuni ya Ping, iliyoanzishwa na Karsten Solheim, mhandisi Mnorwe aliyekulia Marekani, hutia nukta ili kila mtu ajue pembe yake: nyeusi ni ya kawaida, nyekundu imelala kuliko hiyo, buluu, kijani na nyeupe zimesimama zaidi. Hawaangalii urefu wako peke yake. Wanapima pia toka kifundo cha mkono hadi sakafuni, kwa sababu mtu mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kuhitaji pembe ile ile ya mtu mfupi mwenye mikono mifupi. Mke wangu akaleta utepe wa kushonea, akanisimamisha ukutani bila viatu, akapima, akamwita kaka yake aone, wakacheka kwa Kifuliiru. Hadi leo sijatafsiriwa.

Kupima ukiwa umesimama, hata hivyo, hakutoshi. Mtu akizungusha fimbo kwa nguvu, mikono inapanda na mpini unapinda kidogo hivi kwamba ncha inashuka. Pembe inayohesabiwa ni ile ya wakati chuma kinagusa mpira, na jicho la binadamu haliioni. Wenye maduka hubandika skochi chini ya soli na kupigia juu ya ubao: mkwaruzo ukiwa upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, chuma kimesimama mno, ukiwa upande wa ncha, kimelala mno. Sisi tulitumia njia ya bei nafuu. Unachukua kalamu nene, ile wanayoandikia majina kwenye magunia sokoni, unachora mstari mnene kwenye mpira, unauweka mstari wima ukitazamana na chuma, halafu unapiga. Wino unahamia kwenye uso wa chuma. Mstari ukisimama wima kabisa juu ya mifereji ya uso, nenda nyumbani ukalale. Kichwa chake kikiegemea ncha, chuma kimesimama mno kwako. Kikiegemea kisigino, kimelala mno.

Ila unahitaji ardhi tambarare, na ndiyo maana tulipanda pikipiki kuelekea uwanda wa Ruzizi, upande wa Kiliba, tukamwomba mchungaji ruhusa ya kutumia malisho. Ng'ombe wanakata majani vizuri tu, ila wana utaratibu wao wa mbolea. Tukapiga. Mistari ikaegemea ncha, yake na yangu pia. Shemeji akaruka: mahakama imemwachilia huru!

Hapo nikaomba kalamu nipige hesabu. Kwa chuma namba saba, digrii moja ya kosa inausogeza mpira kama mita moja na nusu ukienda mita 140. Tuwe wakarimu, tuseme vyuma hivi vimezidi digrii tatu: hazifiki mita tano. Shemeji hukosa kwa mita 40. Tano ni za chuma, nimekubali. Zile 35 ni za nani? Mchungaji alicheka kabla yangu. Anayepiga katikati ya uso kila mara, mita tano kwake ni ushindi au kushindwa, huyo apime pembe yake kila mwaka. Sisi wengine tunatafuta mshitakiwa tu.

Shemeji hakuridhika. Akavipeleka vyuma kwa fundi wa kuchomelea avikunje. Fundi akawasha moto. «Tunaitia mu moto kidogo tu, inalainika.» Nikamshika mkono. Vyuma hukunjwa vikiwa baridi, vikibanwa kwenye jiliwa maalumu, kwa nondo ndefu na polepole. Chuma laini kilichofuliwa kinakubali. Kile cha pua kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu, kinaweza kukatika shingoni, na kwa kawaida hawakikunji zaidi ya digrii mbili. Fundi akanitazama kwa dharau, akazima moto, akadai pesa ya makaa.

Halafu nikaona jambo ambalo yule Mnorwe hakuwahi kulitilia nukta. Mjini kwetu ardhi yote inateremka kwenda ziwani. Ukipiga kuelekea kusini unatazama mlima, mpira uko juu ya miguu yako, na mpira wa namna hiyo unavutwa kushoto. Kushoto ni ziwa. Chuma chenye nukta ya kijani nacho kinapeleka kushoto, kwa hiyo unalizwa mara mbili. Ukipiga kuelekea kaskazini unatazama maji, mpira uko chini ya miguu, unakwenda kulia. Kulia nako ni ziwa! Afadhali huku, maana kijani inarudisha kushoto sehemu ya kile ambacho mteremko umepeleka kulia. Nikamwambia shemeji: vyuma vyako ni vizima, alimradi upige kuelekea kaskazini tu, kama anayekwenda Bujumbura kwa barabara.

Akanyamaza, kisha akamleta jirani mmoja mashoto, eti huyo ataudanganya mteremko. Mashoto akapiga kuelekea kusini, akiwa amelitazama ziwa. Mpira ukaenda ziwani. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, ni Baikal peke yake inayoishinda, lakini watoto wa ufukweni hawahitaji kina chote hicho. Wanasubiri majini mpaka viunoni, wanauokota mpira, wanaufuta kwenye kaptula na kumuuzia mwenyewe. Juzi wamepandisha bei. Wanataka faranga za Burundi au za kwetu, hawabagui, na kwa ule wenye mstari wa wino wanadai nyongeza, wanasema umeandikwa.