Shauri la Bagamoyo na Amana za Watu

Matambarale ni mahali ambapo safari ya mtu kwenda Dar es Salaam haifichiki hata kwa hirizi. Maana ufuta ukishapigwa mnada, na fedha za stakabadhi ghalani zikishaingia mikononi mwa wakulima, kila anayeonekana akifua suruali ya sikukuu siku isiyo ya sikukuu hutambulikana papo hapo kuwa ni msafiri, na kabla ya magharibi habari zake huwa zimekwisha kuivuka mikorosho zikafika Nachingwea upande mmoja na Ruangwa mjini upande wa pili. Ndivyo ilivyotupata mimi na mjomba wangu, mzee wa Kimwera mwenye haiba na mkongojo, ambaye kwa mila yetu ya kufuata ukoo wa mama ana mamlaka juu yangu ambayo marehemu baba yangu hakuyadai hata siku moja.

Mimi nilikuwa na shauri langu, na nalo lilikuwa shauri jema. Niliona kuwa Dar es Salaam tuifanye maskani ya kulala tu, tutoke alfajiri na kurejea usiku, leo Bagamoyo, kesho Unguja, kesho kutwa Morogoro, ili tukirudi nyumbani tuwe na masimulizi ya miji minne. Nilimweleza mjomba kwa taadhima kuwa Bagamoyo haizidi mwendo wa kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa jiji, kuwa mapadre walijenga misheni yao huko mwaka 1868, na maiti ya Livingstone, baada ya kuchukuliwa na watu kwa miguu kutoka bara ya mbali, ililazwa hapo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nikamsifia na magofu ya Kaole, misikiti na makaburi yake yaliyokaa karne nyingi yakisikiliza bahari. Alinisikiliza kimya, kwa ule ukimya wa wazee ambao asiyewajua huudhania kuwa ni ridhaa.

"Mpwa wangu," alisema hatimaye, "huyo Mzungu alipelekwa Bagamoyo hali amekwisha kufa, hakuwa na hiari. Wewe mzima, unakwenda kutafuta nini?"

Kisha akanitandikia hoja zake. Jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5, alisema, mtu hawezi kulifanya kitanda. Bado hajaliona hata mtaa mmoja sawasawa, analitoka kwenda wapi? Na kama ni magofu, basi letu la Lindi litapita Nangurukuru, panapochepuka barabara ya Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji kuna Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu, na ambao tangu mwaka 1981 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Ni mtu gani mwenye mtungi uliojaa maji nyumbani kwake akaenda kubisha hodi kwa jirani na kata mkononi? Niliona hoja hii ina nguvu, nikamuuliza kwa furaha kama basi tushuke Nangurukuru. Alinitazama kwa huruma. "Tushuke na mizigo hii yote?"

Hapa sina budi kutia neno pembeni. Sisi watu wa Lindi tuna bahati ya ajabu katika jambo hili la matembezi ya siku moja. Katika mkoa wetu huu huu, mahali paitwapo Tendaguru, Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wa kale, wakaitwisha vichwani mwa wapagazi mpaka bandari ya Lindi, na mmoja wa mijusi hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Kwa hiyo Mlindi anayetaka kuliona jitu la kwao hana budi kukata tikiti ya ndege. Na hiyo, hata kwa mtu mwenye haraka namna gani, si safari ya kutoka alfajiri na kurudi jioni.

Narudi kwenye mizigo. Kwetu msafiri hapewi salamu tupu. Tangu habari zilipoenea, watu walimiminika kwa mjomba, huyu na korosho zilizobanguliwa, yule na makopa ya muhogo, huyu na chupa ya asali iliyofungwa kwa kitambaa cha khanga, na jirani mmoja mwanamke na kiroba cha njugu mawe ambacho, kwa uzito, nilidhani kimetiwa mawe yenyewe. Mjomba alivipokea vyote bila kuangalia vilikokwenda, kwa kuwa kukataa amana ya mtu ni aibu, na aibu ya mzee hurithiwa. Anwani zilikuwa za maneno matupu: huyu anakaa Gongo la Mboto karibu na msikiti, yule Tegeta upande wa baharini, na mwenye njugu mawe yuko Mbagala, "mkishuka Rangi Tatu muulizeni Mmwera yeyote, ni mama wa maandazi."

Asiyeijua Mbagala hajui uzito wa maneno hayo. Watu wa kusini wamejaa pale kiasi kwamba ukiita kwa lafudhi ya kwetu barabarani, watageuka nusu ya wapita njia. Na mama wa maandazi wako katika kila kona, kila mmoja na karai lake na wateja wake. Tulipofika, mimi niliona tupige simu. Mjomba aliona simu ni dharau kwa akili ya binadamu, akabuni njia yake mwenyewe, nayo ni kutembea kando ya barabara, kiroba begani mwangu, akisalimia kwa Kimwera kwa sauti ya mwadhini, kwa hoja kuwa atakayecheka ndiye wetu. Mama mmoja alicheka. Alicheka mpaka akaweka chini mwiko wake. Alipoambiwa kuwa ameletewa mzigo kutoka nyumbani alishukuru sana, akasema amekuwa akiutazamia kwa muda mrefu, akatukaribisha ndani, akatupa maji ya kunawa, na kwa ukarimu ambao sitausahau alizitia jikoni njugu zile siku ile ile, na kwa kuwa njugu mawe haziivi upesi, tulikaa pale tangu saa sita mpaka karibu na alasiri tukizungumza habari za mvua, bei na maradhi, mambo ambayo yanafanana kila mahali.

Tulikuwa tumekwisha kula sahani ya kwanza alipouliza, "Na Korogwe, barabara yetu ile wameitengeneza?"

Mjomba alimeza. Mimi nilitazama dari. Ikabainika kuwa mama yule ni Msambaa, kwamba naye alikuwa akingoja mzigo kutoka kwao, ambao hakuambiwa una nini ndani, na kwamba alicheka kwa sababu ya kumwona mzee wa watu akisalimiana na barabara. Kudai kiroba kilichokwisha kuingia chunguni haikuwezekana kwa adabu yoyote, ya Kimwera wala ya Kisambaa. Tukaaga kwa heshima, na kesho yake tukaenda Kariakoo, ambako mjomba alinunua njugu mawe nyingine kwa bei ya Dar es Salaam, akinung'unika njia nzima kwamba yamkini njugu hizo hizo zilitoka Ruangwa kwa lori, na lori lilipita mlangoni kwetu. Fedha iliyotumika ilikuwa nauli ya boti ya Unguja. Nikaifuta Unguja katika shauri langu.

Ndipo nilipoanza kufahamu kuwa mjadala wetu, wa mji au matembezi nje ya mji, ulikuwa umekwisha kuamuliwa Matambarale na watu ambao hawakuukalia kikao. Kila alfajiri niliyoiwekea nia ya Bagamoyo ilikuwa na kiroba chake. Na umbali wenyewe unachekesha: boti ya kwenda Unguja huchukua takriban saa mbili, ilhali sisi, kutoka Mbagala kwenda Gongo la Mboto kwa daladala, tukisimama mguu mmoja na kupokezana chupa ya asali, tulitumia muda ambao ungetufikisha Unguja na kunywa chai Forodhani. Sijui kwa nini safari ya kwanza huitwa ya nje na ya pili huitwa ya mjini.

Ajabu ni kwamba Morogoro mjomba aliikubali bila mabishano. Alidai ni kwa sababu ya treni, nami nilimsadiki, maana katika utoto wake aliyaona magarimoshi ya Nachingwea, ya ile reli ya Waingereza iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ukala paundi zipatazo milioni 36 na kufa kabla karanga hazijashibisha mtu, reli nayo ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tukapanda ile ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Alikaa dirishani kama mkaguzi. Haikutoa moshi, haikutikisika, na haikupumzika ili watu wauziwe mayai. Na tulipofika Morogoro kabla ya saa mbili kutimia, alitangaza mbele ya abiria wenzetu kwamba kitu kile ni kizuri sana, ila si treni. Kisha akatoa chini ya kiti mfuko wa korosho ambao sikuwahi kuuona, akauliza njia ya kwenda kwa binamu yake.

Binamu hakutaka kusikia habari ya kurudi jioni. Mgeni aliyetoka Matambarale, alisema, hanywi maji akaondoka kama askari wa kodi. Tulilala, na asubuhi tulipelekwa stesheni na mkungu wa ndizi za Uluguru, wa kumpelekea shangazi wa Tegeta, ambaye mpaka hapo hatukuwa tumemfikia.

Tegeta iko kando ya barabara ya Bagamoyo. Tuliposhuka na mkungu wetu, mabasi ya huko yalikuwa yakitupita moja baada ya jingine, makonda wakiliita jina la mji ule kwa sauti zilizonichoma. Shangazi alitupokea kwa shangwe, akazipokea ndizi, makopa na habari za wafu na walio hai. Na tulipokuwa tukinywa chai akauliza kama tunamjua mtu yeyote anayekwenda Bagamoyo, kwa kuwa ana kifurushi kidogo cha wifi yake. Nilikuwa ningali natafuta mahali pa kuweka kikombe, na mjomba alikuwa amekwisha kunyoosha mikono miwili.