Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Pierre Poilievre, Kiongozi wa Upinzani, Kanada

Mheshimiwa sana,

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu za mkazi wa Ottawa asiye na cheo, anayefuatilia Bunge la shirikisho kwenye televisheni kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Kwanza pongezi, japo zimechelewa. Aprili 2025 wapiga kura wa Carleton walikunyima kiti baada ya kukaa bungeni tangu 2004. Ukaelekea Alberta, mbunge mwenzako akakuachia Battle River–Crowfoot, na tarehe 18 Agosti ukashinda. Wagombea walikuwa 214, wengi wakipinga mfumo wa uchaguzi, hata karatasi ya kura ikatolewa na mstari mtupu ili mpiga kura aandike jina mwenyewe. Wapo waliosimama kwenye kituturi cha kura wakipambana, herufi moja moja, na "Poilievre". Mapenzi hayo si ya kununua.

Ulimi wako nao nani asiyeujua? Tarehe 30 Aprili 2024 ulimwita Waziri Mkuu Justin Trudeau kichaa. Spika Greg Fergus akakutaka ufute kauli. Kwa ukarimu, ukakubali kuweka "mwenye msimamo mkali" mahali pake. Spika akarudia, nawe ukashikilia ofa yako mpaka ukatolewa nje kwa siku hiyo. Mwingine angefuta kauli, akaendelea na hoja yake. Ila mwingine asingepata video ya kusambaza mtandaoni.

Ombi langu liko hapo hapo, nawe uniwie radhi. Kipindi cha maswali ni dakika 45, na swali lina sekunde 35 hivi, sawa na jibu lake. Zako huanza na kaulimbiu, zikapitia bei ya vyakula, zikaishia kwenye shutuma. Alama ya kuuliza nadhani waandishi wa Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, hukuwekea kwa huruma. Na kaulimbiu zenyewe hazidumu: ulipiga kelele kodi ya kaboni ifutwe, Mark Carney akaingia kuwa Waziri Mkuu na kuwaondolea walaji kodi hiyo kuanzia 1 Aprili 2025. Amekupokonya tonge mdomoni, na nakupa pole.

Sisemi Serikali ni malaika. Mawaziri hujibu kwa ufasaha maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Lakini swali lisilotaja kiasi wala tarehe ndilo linalowapa njia ya kukwepa. Shirika jipya la Serikali la ujenzi wa nyumba, Build Canada Homes, limetengewa dola bilioni 13 za kuanzia. Waulize, tafadhali: nyumba ngapi zimeanza kujengwa, mji gani, na mpangaji wa kwanza atakabidhiwa funguo mwezi gani? Waziri akizungukazunguka, rudia swali lile lile kesho, neno kwa neno.

Sekunde kumi za mwanzo endelea kushutumu, Mheshimiwa. Ni haki yako na tumeshazizoea. Naomba zile 25 tu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ottawa