Mkaa wa Kuzuia Moshi

 

Baba na Mama, naandika nikiwa na mfuko wa mkaa uvunguni mwa kitanda. Mama, usipige yowe. Najua habari za watu waliolala na jiko chumbani wakakutwa asubuhi hawaamki. Mkaa huu haujawashwa wala hautawashwa. Huku wanauza mkaa wa kuzuia moshi: umechomwa, ukapigwa mvuke mkali mpaka ukajaa vijitundu visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kukaa tu na kunasa harufu. Kwa bei ya kifuko hiki, huko nyumbani Urambo ningepata gunia zima, baiskeli ya kulibeba, na chai ya mwenye baiskeli.

Chanzo ni mwenye nyumba wangu. Ni mzee wa ukoo wa Kicuba, mpole, mcha Mungu, na kila jioni baada ya kula huketi sebuleni akawasha biri nene kuliko kidole gumba cha Baba Mdogo. Hapa Tampa, Florida, ukimlaumu mtu kwa biri umewatukana wazee wake. Mtaa wa Ybor City ulianza kusokota biri mwaka 1886, na bibi yake mzee huyu alikuwa msokotaji. Wafanyakazi wale walichangishana kutoka mifukoni mwao kumlipa msomaji, awasomee magazeti na riwaya kwa sauti huku mikono inasokota. Wenye viwanda wakawaondoa wasomaji mwaka 1931, redio zikachukua nafasi yao, na mzee anasimulia uchungu huo kana kwamba ni wa juzi. Sikumwambia kwamba sisi tulichambua tumbaku tukiwa na redio tu, tena ya betri zilizoanikwa juani, na hatukumlilia mtu.

Biri moja kubwa yaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Na jani lake si kama letu la mvuke, linalokaushwa kwa joto kwenye bani. Hukaushwa kwa upepo, kisha hurundikwa likachachuka mpaka litoe amonia, ndiyo maana moshi wake ukiingia kwenye shati haupiti, unahamia. Sheria ya Florida imewafukuza wavutaji maofisini na migahawani tangu 2003, lakini mtu nyumbani kwake ni sultani. Mimi ni mpangaji wa sultani.

Najua Baba ameshasema: fungua dirisha. Baba, hapa dirisha ni la kutazamia. Nje kuna joto na unyevu wa kumliza hata mtu wa Dar, na ndani kuna mtambo wa ubaridi ambao ukiufungulia dirisha unaonekana mhujumu. Mtambo wenyewe sijawahi kuona kitu chenye upendo wa aina yake. Ukutani kwenye ukumbi una mdomo mpana wenye vyuma, unaovuta hewa ya nyumba nzima, ikiwamo ile ya sebuleni. Unaipoza, kisha unaisukuma kwa mabomba yaliyofichwa darini mpaka kila chumba. Hakuna anayesahaulika. Ukifunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kitenge, moshi unazunguka darini na kukushukia kitandani ukiwa umepozwa vizuri.

Kwenye ule mdomo pana chujio la karatasi lenye namba ya daraja. Namba ikipanda, bei nayo inapanda. Wenye tamaa kama mimi hununua na mashine ndogo ya chumbani, yenye chujio la kunasa chembe 99.97 katika kila 100, hata zikiwa na ukubwa wa mikroni 0.3. Nikaiwasha nikalala nikijiona mtu wa maendeleo. Chembe zikanaswa, harufu ikapita ikanisalimia. Harufu ni gesi, haina habari na karatasi. Hapo ndipo msomi wenu akarudi kwenye mkaa, kama mlivyo nyie, ila kwa dola. Dukani walinionyesha pia mashine ya kutoa ozoni, eti inakula harufu, lakini serikali yao wenyewe inaonya kwamba ozoni inaumiza mapafu, na ikiwa kidogo kiasi cha kutoumiza mtu haina la maana inaloiondolea hewa. Hiyo niliwaachia.

Sasa sikieni habari ya kengele ya moshi. Iko darini, karibu na jikoni. Biri inawaka saa nzima, kengele kimya. Mimi nikiweka dagaa wa Kigoma kwenye mafuta, inapiga mayowe na sauti ya mwanamke inatangaza moto kwa Kiingereza. Mzee anakuja mbio akipepea taulo, biri mdomoni, akiniuliza ninachoma nini. Siku hizi kwenye friji pamebandikwa amri: samaki wadogo wapikwe nje. Basi nakaangia uani, nikizungukwa na kuku wa mtaa. Ni kuku wa kienyeji kabisa, wanarandaranda barabarani, na sheria ya mji inawalinda. Ukimgusa mmoja una kesi. Wananitazama nikila dagaa. Wanajua ninachowaza.

Kwa moshi wa biri, kilichosaidia ni feni. Tumeitega kwenye dirisha la sebuleni ikiwa imeigeuzia nyumba mgongo, inatoa hewa nje. Sebule ikipungukiwa hewa, inavuta ya ukumbini, kwa hiyo moshi haupati nafasi ya kutembelea watu. Niliipima kwa udi wa Shangazi: niliushika kwenye upenyo chini ya mlango wa sebule, moshi wake ukainama kuelekea ndani. Mzee hakufurahi; aliona ubaridi aliolipia unatoka dirishani. Umeme wa huku si wa luku, bili huja baadaye, na ugomvi nao huja baadaye. Tumekubaliana feni izunguke biri ikiwaka na muda kidogo baada yake, nami nachangia.

Hata hivyo usiku hubaki kitu kwenye mapazia. Biri yenyewe imeshakwenda; kilichobaki ni bani siku ya pili, majani yakishageuka njano, Baba ukiamka saa nane kuongeza kuni na kusoma kipimajoto, tochi mdomoni. Karo yangu yote ilinuka hivyo. Kuna usiku nageuza mto upande wa mlango. Msimwambie mwenye nyumba, atazima feni.

Tangu ajue kwamba Baba analima tumbaku, ananiona mtaalamu. Jumapili alifungua kabati lake la mbao za mwerezi, ambamo biri zinatunzwa kwenye unyevu wa asilimia 70 na kuangaliwa kila asubuhi (mimi hajawahi kuniuliza nimeamkaje), akataka nizipe daraja. Nikafanya kama mteuzi wa tumbaku anavyomfanyia Baba sokoni. Nikachukua moja, nikaibonyeza, nikainusa, nikatazama juu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha nikataja daraja la chini kabisa. Sababu: unyevu umezidi. Mzee akawa mwekundu, akasema anakata rufaa. Nikamwambia kwetu rufaa ni kulibeba robota lako ukarudi nalo nyumbani.