Kanzu ya Nikahi na Wapangaji wa Mdimu

Wewe msomaji uliye na mke, watoto na mti mmoja uani, utanielewa. Mdimu wetu niliupanda mwaka aliozaliwa binti yangu, Chiriku, na niliupanda kwa ajili ya ndimu. Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu zake wanamwita Bi Achari, huja kila mwezi kutoka Mambrui na kikapu mkononi, na mkwe harudishwi na kikapu kitupu.

Basi asubuhi moja nikaona kinyesi cha ndege juu ya jani. Nikanyoosha kidole nikipanguse, kikatembea. Kumbe ni kiwavi mdogo, mweusi mwenye doa jeupe mgongoni, aliyejifananisha na uchafu ili ndege wasimtamani. Nikaenda jikoni kuchota majivu, maana kwetu dawa ya kiwavi ni majivu. Kurudi, Chiriku ameukumbatia mdimu, machozi yanamtiririka, na nyuma yake amesimama mama yake, Bi Hakimu.

"Baba Chiriku, rudisha majivu jikoni."

Nikarudisha. Ningefanyaje?

Jioni akaitwa shemeji yangu, Mjomba Pupa, anayekaa Gede ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Yeye amesomesha watoto kwa vipepeo. Tangu 1993 upo mradi pale Gede unaoitwa Kipepeo. Wanakijiji wa kando ya msitu wanafuga vipepeo, na pupa wao wanasafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Wanasafirishwa wakiwa pupa kwa kuwa pupa hali, hanywi wala hatembei. Ila asicheleweshwe njiani, kwani siku zake zikitimia anatoka popote alipo, hata akiwa ndani ya boksi. Na msitu ukikatwa, hakuna jike wa kutaga mayai, na mfugaji hana kazi. Shemeji akilieleza hilo huwa anasimama, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote.

Kilio changu ni kopo lake la ndizi. Wako vipepeo wa msituni wasiojali maua. Wanafuata matunda yaliyooza, na mtego wao hutiwa ndizi zilizochachuka. Kopo hilo lilikaa chini ya dirisha langu siku tatu, na huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu.

Ndiye aliyetufundisha kwamba kiwavi na kipepeo hawali sahani moja. Kiwavi wetu anataka majani ya mdimu, mlimau au mchungwa. Mama yake anataka maji matamu ya maua. Ukitaka wakae kwako, panda vyote viwili. Bi Hakimu akauacha mrehani wake utoe maua, na watoto wakapanda zinia kwenye makopo ya mafuta, kwenye sufuria iliyotoboka, na kwenye ndoo yangu ya kuogea. Tingatinga, mwanangu wa miaka minne, akawa anazing'oa kila asubuhi kuangalia kama zimeshika mizizi.

Halafu likaja suala la nyigu na sisimizi, maadui wa viwavi. Ukatakiwa wavu. Chandarua chenye dawa kingewaua, na kisicho na dawa nyumba nzima kilikuwa kimoja tu, changu. Usiku ule viwavi walilala barazani ndani ya chandarua, pamoja na matawi yao. Mimi nililala na mbu.

Bi Achari alifika katikati ya mambo haya. Viwavi walikuwa wameshakuwa wa kijani, wanene kama kidole cha mtoto. Aliingiza mkono kuchuma ndimu, akamgusa mmoja aliyesalia mtini, naye akatoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. "Astaghfirullahi!" Kikapu kule, kanga huku. Tukampeleka ndani, tukampa chai.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "huu mti ni wa ndimu au wa mashetani?"

Sikuwa na jibu la kumpa mkwe.

Siku ya pili Tingatinga alifungua chandarua. Kiwavi aliyeshiba hutangatanga akitafuta pa kugeukia, na hachagui. Tulikuta pupa kwenye pazia, kwenye mwiko, kwenye ufagio. Mmoja alikuwa kwenye mkono wa kanzu yangu nyeupe, iliyoning'inia barazani ikisubiri nikahi ya mpwa wangu. Amejishika kwa mkia, uzi mmoja umemzunguka kiunoni, ameegemea nyuma kama fundi wa umeme juu ya nguzo.

"Haguswi," akasema Chiriku. Bi Hakimu hakusema kitu. Nikahi nilikwenda na kanzu ya shemeji.

Zilipita kama wiki mbili. Alfajiri moja Chiriku akaniamsha kwa kunivuta sikio. Ganda, ambalo jana yake lilikuwa limeingia weusi na kuonyesha madoa ya manjano kwa ndani, lilikuwa limepasuka. Kipepeo alining'inia chini yake, mbawa zimekunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Tulikaa sakafuni sote, hata Tingatinga, hata Bi Achari na tasbihi yake, tukizitazama zikinyooka taratibu. Alipokauka akatuachia tone la rangi ya kutu kwenye kanzu, akaruka, akatua kwenye mrehani.

"Doa hili ni la ndimu na jua," akasema Bi Achari, akaenda mtini. Zilikuwa zimebaki tatu. Alipoinua mkono, kipepeo mwingine akawa anazungukazunguka machipukizi, anagusa jani kwa ncha ya tumbo, anaacha yai moja dogo la manjano, anahamia jani jingine.

Bi Achari akaushusha mkono.

"Mwacheni atage," akasema.

Mimi nikaenda kuanua kanzu yangu ya pili.