Sifa za Baridi ya Majini

Hakuna anayepanga safari ya kupiga mbizi ughaibuni akaisemea baridi neno zuri. Inalaumiwa kwa uzito wa begi, kwa bei ya mavazi, kwa vidole vinavyokufa ganzi, na hata kwa uamuzi wa mke au mume kubaki nyumbani. Lawama hizo nazikubali zote, kisha nasema kwamba baridi ndiyo mshiriki bora wa msafara, na kwamba anayeitazama kwa haki safari ya Silfra ataona imefanya kazi kuliko wakala, rubani na mwongozaji wakiwekwa pamoja.

Tuanze na kile msafiri anachokifuata. Silfra ni ufa uliojaa maji katika hifadhi ya Þingvellir nchini Iceland, mahali ambapo bamba la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka. Wageni hawaendi kuona samaki, maana ni wachache mno. Wanayaendea maji yenyewe, ambamo jicho hufika mbali hadi mita 100 na zaidi. Maji hayo hutoka kwenye barafu ya Langjökull, yakapenya chini kwa chini katika miamba ya lava kwa miongo kadhaa, ndipo yakaibuka yakiwa na nyuzi 2 hadi 4, iwe kiangazi au kipupwe. Mpinzani atadakia: mchujaji hapo ni lava, baridi imejipachika tu kwenye picha. Haya, lava ipewe haki yake. Lakini ni nani aliyeyaweka maji hayo akiba huko juu, yakiwa magumu, yakingoja zamu? Wakati wasafiri bado wanabishana kuhusu tarehe ya kuondoka, baridi ilikwisha kuanza maandalizi kabla baadhi yao hawajazaliwa.

Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba haidanganyi. Maji huchota joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na hilo ni kweli kwenye bahari ya joto ya Mnemba kama lilivyo kweli Iceland. Bahari ya nyuzi 27 nayo inakuibia, ila ni mwizi mwenye tabasamu: mtu huzama na fulana, akarudia mara ya tatu, akashangaa jioni kwa nini anatetemeka. Maji ya nyuzi 2 yanamtangazia mgeni nia yake miezi kadhaa kabla, naye kwa hofu hufanya yale aliyopaswa kuyafanya siku zote. Anajaza fomu ya afya bila kuficha pumu. Anatafuta cheti cha suti kavu, au mizamo 10 ya suti hiyo iliyoandikwa daftarini, kwa kuwa bila kimojawapo Silfra haimpokei mwenye mtungi mgongoni. Kama ni Mkenya au Mtanzania anayehitaji viza ya Schengen, atadaiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Na kwa kuwa ameshaogopa, ataisoma mpaka maandishi madogo aone kama inagusa kupiga mbizi. Ni bahari gani ya joto iliyowahi kumfanya mtu asome mkataba wa bima?

Baridi pia ni mwalimu wa fizikia asiye na ada. Hewa ikitoka mtungini hutanuka, na ikitanuka hupoa. Katika maji kama haya unyevu unaweza kuganda ndani ya regulata, vali ikakwama wazi, hewa ikafoka bila kukoma. Kwa hiyo mpiga mbizi hujifunza kuihudumia regulata mapema, na kutoipulizia ovyo akiwa bado nchi kavu. Hujifunza vilevile kwamba suti kavu hubanwa na kina, hivyo lazima iongezwe hewa anaposhuka na ipunguzwe anapopanda, na kwamba anayepanda akiwa amepoa huchelewa kutoa naitrojeni mwilini. Somo la msalani analipata bila mwalimu, mara tu baada ya zipu kufungwa.

Watasema baridi inaua. Inaua, na sisemi vinginevyo. Mwenye moyo mgonjwa asiende kuibishia. Watasema pia inafupisha raha, maana baada ya dakika 30 au 40 mikono haitii tena. Hapo naiona ikiwa na adabu kuliko wenyeji wengi: inajua wakati wa kumuaga mgeni.

Asiyesadiki aende kaskazini zaidi, kwenye ghuba ya Eyjafjörður. Huko kuna Strýtan, mnara wa madini uliosimama baharini, unaotoa maji matamu ya nyuzi zaidi ya 70. Maji ya moto si kioja Iceland. Watu huoshea vyombo. Lakini pale Strýtan wapiga mbizi hushuka mita 15 na zaidi, wakasogeza glavu zao karibu na tundu la mwamba na kutulia kwa furaha. Wengine huyakinga maji hayo ya moto kwenye chupa ya chai wakaja kukorogea kakao juu mashuani. Furaha hiyo yote imelipiwa na bahari baridi inayouzunguka mnara, ambayo wakishapanda mashuani wanaanza kuitukana.